Hukumu haimlipi mkulima: barua ya wazi kwa wanaosimamia kesi za wizi wa ushirika mkoani Tabora

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora na Waheshimiwa Wakuu wa Wilaya,
Mkuu wa Mashtaka wa Mkoa,
Kamanda wa Polisi wa Mkoa,
Mkuu wa TAKUKURU wa Mkoa,
na Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika.

YAH: KUZUIA MALI MAPEMA, NA KUMWANDIKA MKULIMA KWENYE AMRI YA MAHAKAMA

Waheshimiwa na ndugu zetu,

Masoko ya tumbaku yakikaribia kufunguliwa, huko Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui yanarudi mazungumzo yale yale. Chama cha msingi cha ushirika kiliuza, dola ziliingia benki, wanachama hawakulipwa au walilipwa nusu. Baada ya kelele nyingi viongozi wa chama hukamatwa, kesi hufunguliwa, na ikienda vizuri mtu anafungwa. Siku ya hukumu mkulima aliyekaa benchi la nyuma anatoka nje na kuuliza hela yake ataipata wapi. Hakuna wa kumjibu, kwa sababu hakuna aliyeiombea mahakamani.

Tunaoandika ni wanasheria, wasaidizi wa kisheria na wakaguzi wa hesabu za vyama tunaofanya kazi mkoani humu. Hatudai sheria mpya. Sheria ya Mapato ya Uhalifu, Sura ya 256, ipo tangu 1991. Ipo Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, ya mwaka 1984. Ipo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Ipo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inayoruhusu mahakama iliyomtia mtu hatiani kuamuru aliyeumizwa alipwe fidia. Zana zimejaa stoo. Shida ni kwamba zinatolewa stoo wakati mali imeshahama, na zikifanya kazi, mara nyingi haziishii kwa aliyeibiwa.

Namba za vifungu tumeziacha makusudi. Toleo la Urekebu la mwaka 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limebadilisha mpangilio wa vifungu katika sheria nyingi, na maombi yaliyonakiliwa kutoka faili la zamani yanaweza kutaja kifungu kisicho chenyewe. Anayeandaa maombi afungue toleo jipya.

Tuanze na ninyi Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa na Wakuu wa Wilaya, kwa kuwa uharibifu wa kwanza huanzia kwenye mkutano wa hadhara. Wananchi wanalia, kiongozi anaguswa, na kwa nia njema kabisa anashika kipaza sauti: "Nawapa siku saba, fedha za wananchi ziwe zimerudi." Watu wanapiga makofi. Kwa aliyekula fedha za chama, siku saba ni nyingi. Siku ya kwanza anabadilisha jina kwenye kadi ya trekta. Siku ya pili ng'ombe wanahamishwa usiku kwenda kwa shemeji, wilaya nyingine. Siku ya tatu nyumba inaandikiwa mkataba wa mauziano wenye tarehe ya mwaka juzi, na mashahidi wawili wanatia dole gumba. Siku ya saba anarudi ofisini kwenu na shilingi milioni mbili kwenye bahasha, anaomba msamaha, anaahidi kumalizia kidogo kidogo.

Bahasha hiyo nayo ina matatizo yake. Fedha iliyopokelewa ofisini bila namba ya malipo ya Serikali na bila stakabadhi haina mwenyewe. Ikifika mahakamani, wakili wa utetezi atasema ilitolewa kwa vitisho. Ni kweli Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inawapa uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48, lakini uwezo huo uliwekwa kwa ajili ya kulinda amani, si kwa kukusanya madeni. Tunawaomba kwa heshima: mkipata malalamiko ya wizi wa chama, msitangaze lolote. Andikeni barua ya siri kwa Mkuu wa TAKUKURU na Mkuu wa Mashtaka siku hiyo hiyo, mkiambatisha majina ya waliokuwa wakisaini hundi za chama. Mkutano wa hadhara unaweza kusubiri mpaka zuio liwe limeshafika benki.

Zuio tunalosema ni amri ya mahakama inayomkataza mtu kuuza, kugawa, kuhamisha au kuweka rehani mali iliyotajwa. Chini ya Sura ya 256 haina haja ya kusubiri hukumu. Inaombwa dhidi ya mtu aliyeshtakiwa, na hata dhidi ya anayekaribia kushtakiwa, na inaweza kusikilizwa upande mmoja bila mhusika kuitwa. Humo ndimo ilimo nguvu yake, na pia ndimo ulimo mtego. Kama zuio lilitolewa kabla ya mashtaka na mashtaka hayakufunguliwa ndani ya muda uliowekwa, zuio linaanguka, na safari hii mwenye mali ameshajua mnachotafuta. Kwa hiyo asiombe zuio mpelelezi ambaye jalada lake bado ni malalamiko matupu. Aombe yule ambaye tayari ana taarifa za benki na mihtasari ya vikao vya bodi ya chama, na amebakiza kuandaa hati ya mashtaka tu.

Maombi huanguka zaidi kwenye hati ya kiapo. Kiapo kinachosema "mtuhumiwa anamiliki nyumba Tabora mjini, magari na mifugo" hakizuii kitu, kwa sababu ofisa wa benki au wa ardhi akipokea amri hiyo hajui afunge nini. Akaunti itajwe kwa namba, benki na tawi. Gari litajwe kwa namba ya usajili, ya chesisi na ya injini, zilizothibitishwa na TRA. Kiwanja kitajwe kwa namba, kitalu na eneo. Nyumba isiyo na hati, na kwetu hizi ni nyingi, itajwe kwa mtaa, majirani wa pande nne, picha, na maelezo ya mwenyekiti wa mtaa kuhusu nani alijenga na lini. Namba za simu zenye akaunti za fedha nazo zitajwe moja moja, kwa sababu zuio la benki haligusi M-Pesa wala Airtel Money.

Kisha kiapo kieleze kamba inayounganisha mali na kosa. Tuchukue mfano wa kubuni. Chama kimepoteza shilingi milioni 180 kwa msimu mmoja. Ukifuata miamala, milioni 60 zimejenga nyumba, milioni 45 zimenunua ng'ombe 60 kwa wastani wa shilingi 750,000 kila mmoja, milioni 30 zimenunua trekta lililotumika, milioni 20 zimepita kwenye simu tatu za ndugu, na milioni 25 zimeliwa: harusi, ada, pombe, safari. Kwa nyumba, ng'ombe, trekta na salio la simu unaomba zuio, na baada ya hukumu unaomba mali yenyewe. Milioni 25 zilizoliwa hazina pa kushikwa, ila sheria haikuishia hapo. Mahakama inaweza kukadiria faida aliyoipata mkosaji na kumwamuru alipe thamani yake, hata kutoka mali aliyoipata kihalali. Amri hii ya thamani inaombwa kwa nadra mno. Waendesha mashtaka wengi wakishindwa kuonyesha noti yenyewe ilikwenda wapi huona njia imefungwa, na wanaliacha shamba la mtu, halali kabisa, ambalo lingeweza kulipa deni lote.

Taarifa za benki nazo zina utaratibu wake. Karatasi iliyochapwa kwenye kompyuta ya tawi na kugongwa muhuri haitoshi. Sheria ya Ushahidi ina masharti yake kwa vitabu vya benki, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inataka ionekane kwamba mfumo uliotoa kumbukumbu hizo ulikuwa unafanya kazi vizuri na haukuchezewa. Ofisa wa benki aandike uthibitisho huo siku anapotoa nyaraka. Ukimtafuta miaka miwili baadaye utaambiwa amehamia Mtwara. Sura ya 256 pia inaruhusu kuomba amri ya kutoa nyaraka zinazoonyesha mali ilipo, na amri ya kufuatilia akaunti kwa muda fulani ili kila muamala utolewe taarifa. Kwa kesi za vyama vya msingi hii ya pili ina faida ya pekee, maana dola za mnunuzi huingia kwa mafungu, na fungu la tatu linaweza kukutwa likiwa bado mlangoni.

Na pale chama kinaposema makaratasi yameliwa na mchwa, mpelelezi asikate tamaa. Kila robota lililopimwa sokoni lina namba, uzito na daraja. Karatasi ya mauzo ya siku ile haikubaki kwa chama peke yake. Mnunuzi naye anayo nakala, kwa kuwa ndiyo aliyolipia. Anza kwa mnunuzi, rudi benki, malizia kwa chama. Ukianzia kwa chama utapewa daftari lililoandikwa jana kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Wazee husema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye vyama vyetu tumeona kwamba hata daftari lenyewe huandaliwa ili mali ipotee.

Sasa ng'ombe. Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini, kwa sababu mkoani kwetu fedha iliyoibwa haikai sana benki. Inatembea kwa miguu minne. Ng'ombe hana kadi ya TRA, anazaa, anakufa, anachanganywa na wa jirani, na ni kawaida yetu mtu kuwekesha mifugo kwa ndugu wa mbali. Mpelelezi akienda na amri inayosema "ng'ombe 60" atakuta zizi lenye 140 na wazee watano, kila mmoja akiapa kwamba wake ni 28. Dawa yake ni kazi ya siku moja, ila ifanyike kabla ya neno kusambaa. Nendeni na ofisa mifugo wa kata na mtendaji wa kijiji alfajiri, kabla zizi halijafunguliwa. Hesabuni kwa jinsi na umri: majike, madume, mitamba, ndama. Andikeni rangi, pembe, chapa, na namba ya hereni kama ipo; Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010 iliwekwa kwa ajili hiyo. Pigeni picha ubavu wa kulia na wa kushoto. Linganisheni na vibali vya kusafirisha mifugo na stakabadhi za mnadani za miezi ile fedha ilipotoka benki. Mtu aliyenunua ng'ombe 15 kwa siku moja kwenye mnada ameacha alama, kwani ushuru wa mnada hulipwa kwa kila kichwa.

Wakishazuiwa, nani anawachunga? Kituo cha polisi hakina zizi. Ng'ombe wa zuio akikosa maji mwezi wa tisa atakufa, na Serikali itaulizwa. Mahakama inaweza kuteua msimamizi wa mali iliyozuiwa, kwa hiyo maombi ya zuio yaende yakiwa na jina la msimamizi, mahali pa malisho, gharama ya mchungaji na ya josho kwa mwezi, na utaratibu wa kutoa taarifa ya vifo na vizazi. Ndama waliozaliwa chini ya zuio waandikwe. Kama matunzo yatakula thamani, ombeni mahakama iruhusu kuuza na fedha zikae kwenye akaunti maalumu mpaka kesi iishe. Milioni 45 benki haziugui ndigana.

Mambo ni yale yale kwa magari. Pitieni uwanja wa kituo chochote kikubwa cha polisi mkoani mtaona lori lililokamatwa na magogo ya mkurungu: matairi yamekaa chini, betri imeondoka, nyasi zimepenya kwenye injini, chini ya bodi kuku wametaga. Siku lilipokamatwa lilikuwa na thamani ya makumi ya milioni. Siku amri ya kutaifisha inapotoka, dalali anauza chuma chakavu. Hakuna aliyefaidika hapo, hata mkosaji. Thamani ya gari ichukuliwe ndani ya wiki ya kwanza na mthamini aliyesajiliwa, na maombi ya kuliuza mapema, au kumwachia mmiliki kwa dhamana inayolingana na thamani hiyo, yapelekwe bila kungoja shahidi wa mwisho.

Mmiliki huyo naye apewe haki yake. Kuna mtu mwenye lori lake, dereva kaenda kubeba magogo bila yeye kujua. Sheria inamruhusu mtu wa tatu mwenye maslahi kwenye mali kwenda mahakamani na kuonyesha kwamba hakushiriki, hakujua, na kama alinunua, alilipa bei inayoeleweka. Upande wa mashtaka una wajibu wa kumpa taarifa. Asipopewa, atajitokeza kwenye rufaa, na amri iliyochukua miaka mitatu inafutwa kwa sababu ya barua moja ambayo haikuandikwa.

Tunakuja kwenye jambo linalotuuma kuliko yote. Kutaifisha ni jambo moja na kumrudishia aliyeibiwa ni jambo lingine, na mkoani kwetu mambo haya mawili yanachanganywa kila siku, hata na viongozi wanapohutubia. Mali ikitaifishwa inakuwa ya Serikali. Ile amri ya kulipa thamani nayo ni deni ambalo mkosaji anailipa Serikali. Kwa kesi ya pembe za ndovu kutoka Ugalla au magogo ya hifadhi, ni sawasawa: aliyeibiwa ni umma. Lakini tumbaku ya mwanachama wa chama cha msingi haikuwa ya Serikali. Ukitaifisha nyumba iliyojengwa kwa tumbaku yake na kuishia hapo, umemnyang'anya mwizi na kumpa mtu mwingine asiyekuwa mkulima. Kuitoa fedha hiyo Hazina irudi Kaliua kunahitaji uamuzi mwingine kabisa, na hakuna mkulima mwenye nauli ya kuufuatilia Dodoma.

Njia yake ipo na ni fupi: amri ya fidia au ya kurejesha mali iombwe katika kesi hiyo hiyo, na iombwe kwa maandishi. Mahakama haitoi kwa kukisia. Mwendesha mashtaka anayesimama baada ya hukumu na kusema "tunaomba adhabu kali iwe fundisho" ameacha nusu ya kazi mezani. Asimame na jedwali: jina la mwanachama, namba yake, kilo alizouza, madaraja, thamani kwa dola, makato halali ya pembejeo na ya chama, na baki anayodai. Mkulima aliyeuza kilo 800 kwa wastani wa dola 2, akakatwa dola 600 za mbolea na pembejeo nyingine, anadai dola 1,000. Jedwali liseme pia dola hizo zigeuzwe kwa kiwango cha siku gani. Sisi tunapendekeza kiwango cha siku fedha zilipotoka kwenye akaunti ya chama, kwa kuwa kimeandikwa kwenye taarifa ya benki na hakibishaniwi. Jedwali hilo liandaliwe na mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, au ofisa ushirika wakati wa upelelezi, lihakikiwe na wanachama wenyewe kwenye mkutano, na liingie kama kielelezo. Likija baada ya hukumu, mshtakiwa hakupata nafasi ya kulihoji, na mahakama ya juu italiondoa.

Halafu akaunti. Chama kina deni la pembejeo benki, na mara nyingi deni hilo lilikuzwa na makisio ya uongo na wakulima hewa wa viongozi hao hao. Fidia ikilipwa kwenye akaunti ya kawaida ya chama, benki inakata deni lake kwanza na mkulima anabaki alipokuwa. Amri itamke wazi kwamba fedha ziende kwenye akaunti maalumu, chini ya usimamizi wa Mrajis, na zilipwe kwa majina ya jedwali moja kwa moja, benki au kwenye simu ya mwanachama. Ndugu Mrajis Msaidizi, hapa mnahitajika ninyi. Msingoje mahakama iwaite. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inawapa pia njia yenu ya kumtoza kiongozi hasara aliyoisababisha baada ya uchunguzi, bila kutegemea hukumu ya jinai. Njia hiyo iende sambamba na kesi, kwa sababu kesi ikianguka kwa sababu za kiufundi, deni la ushirika linabaki limesimama.

Na kesi huanguka. Mahakama ya Rufani imefuta mienendo mingi ya uhujumu uchumi kwa sababu hati ya ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka, au hati ya kuipa mahakama ya chini mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo, ilikosewa au haikuwekwa kumbukumbuni. Divisheni ya Rushwa na Uhujumu Uchumi ya Mahakama Kuu, iliyoanzishwa mwaka 2016, ni kwa kesi za kuanzia shilingi bilioni moja. Kesi za vyama vyetu karibu zote ni chini ya hapo na husikilizwa na mahakama za wilaya na za hakimu mkazi, kwa hiyo hati hizo mbili ndizo roho yake. Zisomwe mahakamani, ziingie kwenye mwenendo, zitaje vifungu vile vile vilivyo kwenye hati ya mashtaka. Mwenendo ukifutwa, amri ya kutaifisha na ya fidia zinafutika nazo, na nyumba iliyouzwa inakuwa kesi mpya dhidi ya Serikali.

Vielelezo ni eneo jingine la hasara. Hati ya ukamataji iandikwe papo hapo, isainiwe na mwenye mali na shahidi huru, si askari watupu. Kila mkono uliopokea kielelezo uandikwe kwa tarehe, kuanzia aliyekamata, mtunza stoo mwenye daftari la vielelezo la polisi (PF 16), mpaka anayekileta mahakamani. Tumbaku iliyokamatwa mikononi mwa vishada, yaani walanguzi wanaonunua nje ya soko la chama, haiwezi kukaa stoo ya polisi mvua nzima. Itaota ukungu na kupoteza daraja. Iuzwe kwa amri ya hakimu, lakini mshtakiwa awepo mbele ya hakimu huyo, asikilizwe, na picha zipigwe. Mahakama ya Rufani ililiweka wazi hilo kwenye kesi ya Mohamed Juma @ Mpakama, rufaa ya jinai namba 385 ya mwaka 2017: orodha ya mali inayoharibika iliyoidhinishwa na hakimu bila mshtakiwa kusikilizwa haitumiki dhidi yake. Askari wengi bado wanapeleka karatasi peke yake kwa hakimu, mshtakiwa akiwa mahabusu mita mia mbili kutoka hapo.

Makubaliano ya kukiri kosa, yaliyoingizwa kwenye Sura ya 20 mwaka 2019, tunayaunga mkono kwenye kesi hizi, maana yanaweza kumlipa mkulima msimu huu badala ya baada ya rufaa. Masharti yetu ni mawili. Wanachama wapewe nafasi ya kusema kabla makubaliano hayajasainiwa, kwa sababu wao ndio wanaojua kama milioni 180 zimegeuzwa kuwa milioni 70. Na fedha ilipwe kabla ya makubaliano kusajiliwa mahakamani, au mali iwe imeshazuiwa, maana ahadi ya kulipa kwa awamu ya mtu aliyekwisha kutoka ni karatasi tu.

Utakatishaji wa fedha usitumike kama kufuli la mahabusu. Ni kosa lisilo na dhamana, na kwa sababu hiyo limekuwa likiongezwa kwenye hati za mashtaka hata pale ambapo hakuna anayejaribu kuthibitisha fedha ilisafishwa vipi. Mtu akikaa ndani miaka minne bila kesi kusikilizwa, mali yake nje inaendelea kuhama kwa mikono ya wengine. Kumfungia mtu hakufungi akaunti yake.

Kwa upande wa misitu tuseme moja tu. Kosa likififilishwa kwa mkosaji kulipa faini ofisini, hakuna hukumu ya mahakama, na bila hukumu mlango mkubwa wa Sura ya 256 haufunguki. Kufifilisha kunafaa kwa mwenye baiskeli na magunia mawili ya mkaa. Mwenye malori matatu ya mkurungu, anayerudi kila kiangazi, apelekwe mahakamani, na afuatiliwe nyuma ya dereva hadi kwa anayelipa mafuta.

Fedha iliyorejeshwa ikasimamiwa, watu huiona. Watanzania bado wanaikumbuka chenji ya rada, fedha zilizorudishwa baada ya ununuzi wa rada, pauni milioni 29.5 zilizolipwa na BAE Systems mwaka 2012, kwa kuwa ilipangiwa kazi inayotajika kabla haijafika: vitabu na madawati ya shule. Tunachoomba kwa Tabora ni kidogo kuliko hicho.

Kabla masoko ya msimu ujao hayajafunguliwa, kaeni siku moja mezani, Mashtaka, TAKUKURU, Polisi, Ushirika na ofisi ya Mkuu wa Mkoa. Kila wilaya iteuliwe mtu mmoja wa kufuatilia mali, asiyekuwa mpelelezi wa kosa lenyewe, ili kazi mbili ziende pamoja. Jalada la kwanza la kila kesi ya chama liwe na fomu moja ya mali yenye tarehe: kilichotambuliwa, kilichozuiwa, kilipo, thamani yake, anayekitunza. Jedwali la wanachama lianze siku jalada linapofunguliwa. Na kwenye kila maombi yatakayopelekwa mahakamani baada ya hukumu, chini ya neno "kutaifisha", uwepo mstari wa pili wenye jina la chama, namba ya akaunti maalumu, na idadi ya wakulima wanaodai.

Tuko tayari kuandaa nakala za kwanza za fomu na jedwali hilo bila malipo, na kuzileta mezani siku mtakayotaja.

Wenu katika kazi,

Wanasheria, wasaidizi wa kisheria na wakaguzi wa hesabu za ushirika,
Tabora.